Kiwanja unacho, fedha huna: benki, mbia au mpangaji wa miaka ishirini?

Mama mdogo anakaa Kijitonyama, kwenye kimoja cha vile viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule uliozaa pia Sinza na Mikocheni. Nyumba yenyewe ni ya chini, bati limechoka, uani kuna mwembe. Majirani kushoto na kulia wameshapandisha ghorofa, kwa hiyo tangu mwaka jana haipiti wiki bila kugongewa geti na kijana mwenye bahasha ya michoro.

Jumamosi moja akaniita. Mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu, na katika ukoo wetu anayejua hesabu ndiye anayesomewa mikataba yote, hata ya kuuza ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa. Hawa wanasema watanijengea, nipate apatimenti mbili za bure. Soma kwanza, chai inakuja."

Kurasa 14. Nilizisoma mpaka chai ikapoa. Nikamwambia kuna njia tatu za kukigeuza kiwanja kile kuwa pango la kila mwezi, na hiyo ya kwenye bahasha ni mojawapo tu. Haya ni yale niliyomchorea kwenye daftari siku ile, pamoja na niliyoyakumbuka nikiwa kwenye daladala kurudi.

Hesabu moja kwa njia zote

Watu wengi hukosea hapa mwanzoni. Wanalinganisha riba ya benki na maneno matamu ya mwekezaji, vitu viwili visivyokaa kwenye mizani moja. Chukua jengo lilelile, upitishe kila njia juu yake.

Tuseme kiwanja cha mita za mraba 600, ambacho mthamini amekipa milioni 250. Jengo la apatimenti nane za vyumba viwili, gharama ya ujenzi milioni 450 mpaka rangi na mabomba. Kila moja inapangishwa kwa 550,000 kwa mwezi, yaani 4,400,000 zikijaa zote. Kwa kuuza, kila moja milioni 120. Mwenye kiwanja ana milioni 150 zake: mafao, pamoja na kiwanja kingine alichouza Kibaha. Namba hizi nimezizungusha ili zihesabike kirahisi. Weka za mtaa wako.

Jambo jingine, na hili nalisisitiza: usile pango lote kwa macho. Toa asilimia 10 ya pango kwa ajili ya kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa juu ya pango. Toa asilimia 10 nyingine ya pampu ya maji, mlinzi, rangi, na ile miezi ambayo chumba kiko tupu wakati dalali anazunguka na wateja wasiolipa. Kinachobaki katika milioni 4.4 ni 3,520,000. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi.

Benki

Mkopo wa nyumba wa aina hii Tanzania ni kitu cha juzijuzi. Sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilipita mwaka 2008, na kampuni ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili hiyo, TMRC, ilianzishwa 2010. Kabla ya hapo, ukienda benki kuomba fedha za kujenga, mara nyingi ulipewa mkopo wa biashara wa miaka mitatu minne, ukajua mwenyewe. Siku hizi unaweza kupata miaka 15, 20, hata 25. Riba ndiyo bado nzito: zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19.

Mama ana milioni 150, anahitaji 450, anakopa 300. Kwa asilimia 16 na miaka 15, rejesho la mwezi ni takriban 4,406,000.

Irudie namba hiyo polepole. Pango lote la apatimenti nane, zote zina watu, hakuna tone linalovuja, ni 4,400,000. Ukitoa kodi na matengenezo unabaki na 3,520,000, kwa hiyo kila mwezi unatafuta karibu 886,000 mfukoni. Tena kabla mpangaji wa kwanza hajaingia umeshalipa riba ya kipindi cha ujenzi. Benki hukutolea fedha kwa awamu, msingi, kuta, slabu. Ukichukua wastani wa milioni 150 mikononi kwa miezi 15, riba yake ni kama milioni 30. Hizo mara nyingi hazimo kwenye mchanganuo wa fundi, na ndizo zinazowaachia watu majengo yasiyo na madirisha.

Kuna na hili la mpangilio wa fedha. Mwenye nyumba wa Dar anachukua kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, benki inadai kila mwezi. Januari una milioni 20 mezani, kuna ada za shule, kuna harusi. Kufika Mei akaunti imekauka. Nimeona wateja wawili wakiingia kwenye notisi kwa sababu hiyo tu, wakati nyumba zao zilikuwa zimejaa wapangaji. Notisi yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi, ni siku 60, baada ya hapo benki inaweza kuanza safari ya kuuza.

Sasa upande wake mzuri, maana upo. Pango hupanda. Rejesho, kama riba haijabadilishwa, halipandi. Ukiongeza kodi asilimia 5 kila mwaka, mwanzoni mwa mwaka wa sita jengo linaanza kujilipia lenyewe. Mwaka wa 15 deni limekwisha, apatimenti zote nane ni zako, na kile kilichokuwa 3,520,000 kimefika kama 7,300,000 kwa mwezi. Njia nyingine zote mbili hazikufikishi hapo kwa muda huo.

Ila lazima uwe na mshahara wa kuziba pengo la miaka mitano, na umri. Benki nyingi zinataka deni liishe kabla au karibu na umri wa kustaafu. Mama mdogo ana miaka 63. Kwake benki maana yake ni mwanawe akope na yeye aweke hati. Hapo yanakuwa mazungumzo mengine kabisa, ya mama, mtoto na mkwe. Ridhaa ya mwenza kwenye nyumba ya familia sheria inaidai kwa maandishi, na inafanya vizuri kuidai.

Wasiotaka riba wana mlango wao: musharaka inayopungua. Benki ya Amana ilifungua milango 2011, na benki nyingine kadhaa zina madirisha yasiyo ya riba. Benki na wewe mnamiliki kwa hisa, unalipa pango la hisa zake huku ukizinunua kidogo kidogo. Usiingie ukitegemea rejesho dogo. Malipo ya mwezi mara nyingi hayatofautiani sana na ya mkopo wa kawaida. Tofauti iko kwenye mkataba, hasa yale yanayokupata ukichelewa.

Mbia

Hii ndiyo ya kwenye bahasha. Wewe kiwanja, yeye fedha, jengo likiisha mnagawana.

Mgawo wa haki unatoka wapi? Kiwanja 250, jengo 450, jumla 700. Kiwanja ni asilimia 36 hivi. Asilimia 36 ya apatimenti nane ni 2.9, yaani tatu. Mwekezaji alimwandikia mbili. Ile ya tatu, kwa bei ya kuuza, ni milioni 120, na ndiyo iliyopotelea ndani ya neno "bure".

"Bure ya kiwanja cha nani, mama?" nilimuuliza. Akacheka, akaongeza sukari.

Tumpe tatu. Pango lake baada ya kodi na matengenezo ni 1,320,000 kwa mwezi, na hadaiwi na mtu. Inaonekana ndogo ukilinganisha na nane. Lakini kumbuka zile milioni 150. Njia ya benki ilizimeza zote siku ya kwanza. Njia ya ubia haikuzigusa. Akiziweka kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani akiikopesha serikali nayo imlipe riba, hata nikitumia kile kiwango kilichoshushwa Aprili 2022 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, anapata milioni 18.84 kwa mwaka zisizokatwa kodi: 1,570,000 kwa mwezi. Jumlisha na pango, ni 2,890,000 tangu mwaka wa kwanza wa jengo. Wakati huohuo aliyekwenda benki anatoa 886,000 mfukoni.

Hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Mimi nilikwenda pale na msimamo wa "kwa nini ugawane cha kwako?" Kumbe swali ni una miaka mingapi ya kusubiri. Mwaka wa 15 wa benki ana 7,300,000. Wa ubia, pango lake likipanda vilevile, ana kama 4,300,000, na milioni 150 bado zipo. Kijana wa miaka 38 mwenye ajira, ningemwambia aende benki bila kupepesa. Mtu wa miaka 63, hizo fedha nyingi atazipata akiwa na 78.

Hayo yote yanasimama juu ya sharti moja, na sharti hilo nililikuta ukurasa wa tisa. Kilikuwa kifungu kifupi, mistari miwili: mwenye ardhi anampa mwekezaji idhini ya kutumia hati kama dhamana "kwa ajili ya kufanikisha mradi".

Yaani mwekezaji hana milioni 450. Ana labda 150, na hizo nyingine anakwenda kukopa benki kwa hati ya mama mdogo. Akikwama, siku 60 zinaanza kuhesabiwa juu ya nyumba ya mama. Ukiiangalia vizuri, hiyo ni njia ya benki ileile: riba ileile, mnada uleule, ila anayebeba hatari anapata apatimenti mbili na aliyekopa anapata sita. Nimesoma mikataba kadhaa ya ubia tangu siku ile, na sasa huwa naanza kutafuta kifungu hiki kabla sijatazama mgawo. Ubia wenye kifungu hicho usiuweke kabisa kwenye safu ya ubia unapolinganisha. Uweke kwenye safu ya mkopo, uone kama bado unapendeza.

Mengine ya kuangalia hayana uzito huo, lakini yanauma. Jengo la kugawana linahitaji hati za sehemu, yaani kila apatimenti na hati yake, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Bila hizo hati, apatimenti zako tatu ni maneno ndani ya jengo la watu wawili. Unapomhamishia mbia zile tano, sheria inauona ni uhamisho: kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, kuna na ushuru wa stempu. Mkataba uliosomwa na mama ulikaa kimya kuhusu nani analipa, na mkataba ukikaa kimya, kodi ya ongezeko la mtaji inamwangukia mwenye jina kwenye hati. Uliza pia utakaa wapi miezi 18 ya ujenzi, na kodi ya hapo inatoka mfukoni mwa nani. Uliza apatimenti zako ni zipi hasa, kwa namba na kwa ghorofa, kabla hujasaini. Mwekezaji asipozitaja atakupa za ghorofa ya nne upande wa jua la jioni, na lifti utaisoma kwenye michoro.

Halafu weka tahadhari yako kwa Msajili wa Hati mapema, ili kiwanja kisisajiliwe lolote bila wewe kujua, na hati yenyewe ikae kwa wakili wako. Wakili wa mradi analipwa na mradi.

Mpangaji wa miaka ishirini

Ya tatu nitaipitia haraka. Mwekezaji anajenga kwa fedha zake, anakusanya pango miaka 15 au 20, kisha anakuachia jengo zima. Kwa muda huo anakulipa pango dogo la kiwanja. Hati haigawanywi, haitoki jina lako. Misikiti na taasisi zenye mali ya wakfu huipenda kwa sababu hiyo, kwani wakfu hauuzwi.

Ila ili ailipe milioni 450 kwa pango la milioni 52.8 kwa mwaka, hata bila kutoa gharama yoyote, anahitaji miaka minane na nusu kurudisha mtaji tu. Ndiyo maana anaomba 20. Kwenye fremu za Kariakoo, ambako mlango mmoja unalipa kuliko apatimenti nzima, hesabu inatoka. Kijitonyama, kwa nyumba za kuishi, mimi sijaona ikitoka bila mmoja kuumia. Na jengo linalorudi kwako lina miaka 20 ya mabomba ya watu wengine. Miaka mitatu ya mwisho hakuna mpangaji duniani anayepaka rangi nyumba anayoondoka.

Angalia vilevile miaka iliyobaki kwenye hati yako. Viwanja vingi vya zamani vina hati za miaka 33. Huwezi kumpangisha mtu miaka 20 kwenye hati iliyobakiza 12, na benki nayo itakuuliza swali hilohilo kabla haijakupa kiti.

Daftari la mama

Nilimchorea hivi, kwa jengo letu la mfano:

| | Benki | Mbia (tatu kwa nane) | Mpangaji wa miaka 20 |
|---|---|---|---|
| Fedha yako mwanzoni | milioni 150 | hakuna | hakuna |
| Mfukoni kwa mwezi, mwaka wa kwanza wa jengo | unatoa 886,000 | unapata 1,320,000, na 1,570,000 za hatifungani | unapata pango dogo la kiwanja, na 1,570,000 za hatifungani |
| Chumba kikiwa tupu | unaumia wewe | kila mtu na vyake | anaumia yeye |
| Mwaka wa 15 | nane, bila deni | tatu | bado unasubiri |
| Hati | benki | kwa wakili wako, *kama kifungu kimefutwa* | kwako |

Akaiangalia sana. "Hii ya nne mbona hujaiandika?"

"Ipi, mama?"

"Ya kujenga nusu."

Alikuwa na haki, na mimi mhasibu nilikuwa nimeisahau, labda kwa sababu haina bahasha wala michoro ya rangi. Weka msingi na nguzo za kubeba jengo lote, jenga apatimenti nne tu za chini. Tuseme milioni 260, maana msingi wa ghorofa ni ghali hata ghorofa isipokuwepo. Una 150, unakopa 110. Rejesho ni kama 1,616,000. Pango halisi la apatimenti nne ni 1,760,000. Jengo linajilipia tangu mwezi wa kwanza likijaa, ingawa kwa nywele, na juu ya slabu zinabaki nondo zikichungulia angani kama zile unazoziona mji mzima. Watu wa nje huzicheka nondo zile. Mimi naziona kama mkopo ambao mtu ameamua kutouchukua mwaka huu. Zipakwe uji wa saruji tu zisiliwe na kutu.

Kwa mama mdogo tatizo la umri lilibaki palepale, hata kwa milioni 110. Na nusu ya mwanzo inataka mtu wa kusimama juani na mafundi, kazi ambayo mbia angeifanya.

Jambo moja kwa walio na viwanja vya urithi: kama hati bado ina jina la marehemu, hakuna hata safu moja katika jedwali lile inayokuhusu kwa sasa. Anza na usimamizi wa mirathi mahakamani. Mkataba wa ubia uliosainiwa na kaka mkubwa peke yake "kwa niaba ya familia" ni karatasi ya kufungia maandazi.

Tulimrudishia kijana mkataba wake na mambo mawili yamewekwa wino mwekundu: mbili iwe tatu, na kifungu cha ukurasa wa tisa kitoke. Baada ya wiki tatu akaleta nakala mpya. Kifungu kimetoka. Apatimenti zimebaki mbili.

"Mama, bila hati itabidi nitumie fedha za washirika wangu, na wao wanataka chao," alieleza, kwa adabu kabisa.

Alipoondoka nikamwambia mama kwamba angalau sasa tunajua bei ya mistari ile miwili: milioni 120. Mama akaikunja nakala, akaiweka chini ya chupa ya chai, akasema kijana akipiga simu aambiwe ni tatu, na kwamba maembe yanaiva mwezi ujao, aje na mfuko.